Kiingereza cha kazini: sikiliza mkia wa neno



Kwa desturi tunasema hapa juu ya vumbi, maji ya kunywa, malaria na kaske. Leo tunasema juu ya lugha. Msishangae, sababu lugha nayo inaweza kuvunja mkono wa mtu kama vile mkanda wa kupeleka mawe unavyouvunja.

Angalieni mashine zinazotumika leo katika migodi ya Katanga. Nyingi zina vibandiko vya Kiingereza. Kamyo za shaba zinavuka Kasumbalesa na kuingia Zambia, inchi ambamo Kiingereza ni lugha ya serikali, kisha zinaendelea mpaka Durban ama Dar es Salaam. Karatasi za dawa nyingi tunazopokea katika dispensari zimeandikwa Kiingereza upande mmoja. Sisi wengi tulisoma Kifaransa, na Kiingereza tulikiokota njiani, neno hapa, neno pale. Kuokota si kubaya. Lakini kuna namna moja ya maneno ya Kiingereza ambayo mtu akiokota nusu yake tu, afazali asingeokota kitu.

Ni yale maneno ya kitendo yenye mkia. Kiingereza kinachukua kitendo cha kawaida, kama vile kugeuza, kuweka, kwenda, kuvunja, kisha kinakifunga neno dogo nyuma: «on», «off», «up», «down», «in», «out», «over», «back». Lile neno dogo ndilo ninaloita mkia. Mkia ukibadilika, kazi yote inabadilika.

Tuchukue «turn». Peke yake ni kugeuza ama kugeuka. «Turn on» ni kuwasha. «Turn off» ni kuzima. «Turn up» ni kuongeza nguvu ama sauti. «Turn down» ni kupunguza. «Turn back» ni kurudi ulikotoka. «Turn over», ikisemwa juu ya gari, ni kupinduka, lakini ikisemwa juu ya mota, ni kuzunguka wakati wa kuiwasha. Kitendo ni kimoja, na maagizo ni sita ama saba. Mtu aliyeshika «turn» tu hajashika kitu.

Msifikiri kwamba Waingereza peke yao wana mambo hayo. Kiswahili chetu kina mkia wake, ila umeshikamana na neno. Tunasema funga, tunasema fungua. Ziba na zibua. Kunja na kunjua. Mgeni anayejifunza Kiswahili, asiposikia ile «-ua» ya mwisho, atafunga bomba uliloomba afungue. Tofauti ni kwamba mkia wa Kiswahili hauachani na mwili wake, na ule wa Kiingereza unatembea peke yake. Na mara nyingine unatembea mbali.

Hapa fungueni masikio vizuri. Mtu anaweza kusema «Turn off the pump». Anaweza pia kusema «Turn the pump off». Yote mawili ni: zima pampu. Lakini akisema «ile» pahali pa pampu, inafaa aseme «Turn it off», na mkia unakaa mwisho. «Turn off it» haisemwi. Na akitaka kueleza pampu gani, anaweza kusema: «Turn the big pump near the ladder off!» Mtumikaji mwenye mbio anasikia «turn», anasikia «big pump», mkono wake umekwisha kufika kwenye swichi, na bado hajasikia kama ni kuwasha ama kuzima. Kwa hiyo kanuni ya kwanza: usiguse kitu mpaka sentensi imekwisha.

Kanuni ya pili ni ya sauti. Katika maneno haya, Mwingereza anakaza sauti juu ya mkia, si juu ya kitendo. Anasema «turn it OFF», «put it OUT», «slow DOWN». Hiyo inatusaidia. Lakini maneno yanashikana kinywani kama ugali: «turn it off» inasikika kama «tanitof», «pick it up» inasikika kama «pikitap». Na «on» na «off» zinafanana sana karibu na mashine ya kusaga mawe, sababu herufi ya kwanza ni moja, na ya mwisho inamezwa na makelele. Hii ndiyo sababu mafundi wa usalama wanataka ishara ya mkono iende pamoja na sauti. Asiye na ishara, mwombe arudilie. Si haya.

Sasa neno kwa wale waliosoma Kifaransa vizuri na wanaojisifu kwamba Kiingereza cha vitabu hakiwashindi. Ni kweli, na kuna sababu. Wanormandi kutoka Ufaransa waliteka Uingereza mwaka 1066, na kwa muda mrefu wakubwa wa inchi ile walisema Kifaransa. Maneno mengi ya serikali, ya sheria na ya elimu yaliingia katika Kiingereza kwa njia hiyo. Ndiyo maana karatasi ya mashine ikiandika «extinguish», «descend», «continue», «inhale», sisi tunatambua mara moja. Lakini mtu anayepiga kelele mbele ya moto hasemi «extinguish». Anasema «put it out». Hasemi «descend», anasema «get down». Hasemi «continue», anasema «go on» ama «carry on». Maneno ya karatasi ni ndugu za Kifaransa, na maneno mengi ya kelele ni ya watu wa shamba wa zamani wa Uingereza. Kumbe mtu anaweza kusoma kitabu chote cha mashine bila shida, kisha asielewe neno moja siku ya hatari.

Wala si sisi wa kwanza kuteswa. Samuel Johnson, Mwingereza aliyetunga kamusi kubwa ya lugha yao mwaka 1755, aliandika katika utangulizi wake kwamba hapo ndipo wageni wanapopata taabu kubwa kuliko yote. Mwaka 1930 Mwingereza mwingine, Ogden, alitoa Kiingereza chepesi chenye maneno 850 tu, na ndani yake vitendo 18 tu. Watu walifurahi. Lakini kwa kuwa vitendo ni vichache, ilibidi kuvifunga mikia kila mara, na wepesi ukarudi kuwa uzito. Caterpillar nao, katika miaka ya 1970, walitunga Kiingereza chao kidogo kwa vitabu vya mashine, kusudi fundi wa inchi yoyote aweze kufuata. Wazo zuri. Lakini kitabu ni kitabu, na mdomo wa mtu hauna kamusi.

Tufike kwenye mkia wenye hatari kuliko yote, «off». Mara nyingi «off» ni kuzima, kukata, kutenga, kwenda mbali. «Switch off» ni kuzima umeme. «Shut off» ni kufunga maji, gazi ama mafuta. «Cut off» ni kukata. «Keep off» ni usikaribie, usipande. «Back off» ni rudi nyuma. «Take off» ni kuvua. «Call off the blast» ni kufuta mpango wa kulipua. Mtumikaji akizoea hivyo, anajisemea: «off» ni kitu kufa, kitu kunyamaza.

Sasa sikilizeni «go off». «The light went off»: taa ilizimika. Vema. «The alarm went off»: hapa si kuzimika, ni kinyume kabisa! Sireni ililia. «The charge went off»: baruti ililipuka. Na nyama ikisemwa «went off», Waingereza wanataka kusema imeharibika, usiile. Neno moja, kazi nne. Namna ya kutambua ni kuangalia ni kitu gani kinachosemwa. Kikiwa taa ama mota, ni kuzima. Kikiwa kengele, sireni, bunduki ama baruti, ni kulia ama kulipuka.

Fikirini basi juu ya mtu wa zamu ya asubui anayesoma kitabu cha zamu ya usiku na kukuta: «Two holes did not go off.» Akijua «off» ya kuzima tu, ataona kama maneno yasiyo na maana, mashimo mawili hayakuzimika, na atapita. Lakini maana yake ni hii: mashimo mawili ya baruti hayakulipuka. Baruti bado imo ndani ya mwamba. Mashine ya kutoboa ikigusa pale, hakuna dawa nitakayompa mtu huyo. Ukiona maneno hayo, ama ukiyasikia, usiingie, usitoboe ndani ya shimo la zamani ama karibu nalo, funga njia, ita mkubwa wa baruti. Yeye ndiye mwenye ruhusa ya kugusa.

«Set off» ni ndugu yake. «Set off the charge» ni kulipua. Lakini «The trucks set off at six» ni kamyo ziliondoka saa kumi na mbili. Na «hold off» ni ngojea kwanza, usifanye bado.

Tena kuna «lock out» na «tag out», maneno mnayoyaona juu ya masanduku mekundu ya kadena. «Lock» ni kufunga kwa kadena. «Out» hapa si inje ya nyumba. Ni kuweka nguvu ya mashine inje, isiweze kuingia tena wakati mikono yako imo ndani. «Tag» ni kile kikaratasi chenye jina lako. Marekani waliweka sheria ya jambo hili mwaka 1989, na inaomba mambo yanayofuatana: kuzima mashine, kuitenga na umeme ama mvuke ama maji yanayoisukuma, kuweka kadena na kikaratasi, kutoa nguvu iliyobaki ndani, kisha kujaribu kama kweli imekufa. Kadena ni yako, ufunguo unakaa mfukoni mwako, si kwa kapita, si juu ya meza. Mtu wa pili akija kutengeneza, anaweka kadena yake ya pili. Maneno haya yakiandikwa mbali mbali, «lock out», ni agizo: fanya. Yakishikamana, «lockout», ni jina la kazi yenyewe. Vivyo hivyo «shut down» ni zima, na «shutdown» ni kule kuzimwa.

Katika kutoa nguvu iliyobaki mtakuta «bleed off the pressure». Mimi mtu wa dispensari nilicheka nilipoiona mara ya kwanza, sababu «bleed» ni kutoka damu. Lakini ni kufungua kidogo kidogo ili mafuta ama hewa iliyobanwa itoke. Asiyefanya hivyo ndipo damu ya kweli inatoka: mafuta ya bomba lenye nguvu yanaweza kutoboa ngozi kama sindano. Kidonda kinaonekana kidogo, lakini kinataka hospitali siku ile ile, si kesho.

Nikifika hapo nimeingia kazi yangu, na hapa nitakaa kidogo, sababu mwili nao una mikia yake.

Familia moja ya hapa ilipigiwa simu kutoka ng'ambo ya mpaka juu ya baba yao, dereva wa kamyo. Mtu wa simu alisema «he passed out» kwa joto karibu na Kitwe. Mjomba mmoja, aliyewahi kusikia «passed away», akashika kichwa. Ndani ya saa moja viti vilikuwa inje, wanawake wamefunga vitambaa, kilio kimeanza. Jioni simu ikalia tena: ni baba mwenyewe, anauliza sababu gani hakuna mtu anayejibu. «Pass away» ni kufariki, ni neno la heshima. «Pass out» ni kuzimia. Bibi yake alisema, viti tumekwisha kuvitoa, basi tuketi tunywe chai.

Mtu akiwa «passed out» kwa joto, mpeleke penye kivuli na hewa, mlaze chali, inua miguu yake, legeza mkanda na nguo, mpepee na mloweshe maji. Asipopumua vizuri, ita msaada bila kungoja. Usimtie maji kinywani mpaka arudi katika akili. Na kurudi huko kunaitwa «come to», maneno mawili yasiyo na kitu ndani, «kuja» na «kwa», lakini ndivyo wanavyosema.

«Throw up» si kutupa juu, ni kutapika. Mtu akimeza asidi ama dawa ya kufulia yenye ukali, utaambiwa «Don't make him throw up», yaani msimtapishe, sababu kitu kilichochoma koo kikishuka kitalichoma tena kikipanda. Kwenye chupa imeandikwa kwa maneno ya karatasi, «do not induce vomiting», na msomaji wa Kifaransa ataelewa. Shida ni mdomo, kama nilivyosema. «Wash off» ni osha mpaka kitoke. Asidi ikimwagika juu ya ngozi, maji mengi na kwa muda mrefu, na nguo zivuliwe. «Give off» ni kutoa moshi ama harufu: kitu kinachosemwa «gives off fumes» kisiwekwe katika chumba kisicho na madirisha.

Katika picha ya kifua, ile radio ya kila mwaka kwa watu wa vumbi, fundi akisema «Breathe in», vuta hewa. «Hold it», izuie hapo. «Breathe out», itoe. Mwenye kuchanganya anafanya picha kuwa na ukungu, na tunashindwa kuona kama vumbi la mawe limegusa mapafu. Daktari mgeni akiuliza kama «you cough up blood», hataki kujua kama unakohoa tu. Anauliza kama damu inatoka pamoja na makohozi. Jibu kweli. Vumbi la mawe linafungulia kifua kikuu mlango, na kifua kikuu kikijulikana mapema kinapona. Akisema maumivu yata-«wear off», ni kuisha polepole. Ugonjwa ukisemwa «come back», umerudi. Na dawa ikiandikwa «Keep out of reach of children», mama, iko mahali mkono wa mtoto hauwezi kufika, si chini ya kitanda.

Maneno mengine hayana akili, na tusipoteze wakati kuyatafutia. «Fill in a form» na «fill out a form» zote ni kujaza karatasi, ingawa «in» ni ndani na «out» ni inje. «Slow down» na «slow up» zote ni kupunguza mwendo. «Look out!» si tazama inje kwa dirisha. Ni jihadhari, na mtu aliyepeleka kichwa dirishani kwa kutii ameweka kichwa pale pale panapokuja hatari. «Watch out!» ni sawa nayo. «Stand back» ni simama nyuma, lakini «stand by» ni kaa tayari, ngojea agizo. Ng'ambo ya mpaka mtu akisema «we knock off at four», anatoka kazini saa kumi. Lakini «knock over» ni kuangusha, na «knock out» ni kupiga mtu mpaka azimie.

Namna ya kujifunza? Usiandike «turn» katika daftari. Andika «turn off» kama neno moja, pamoja na kitu chake: «turn off the pump». Kila kibandiko kilicho juu ya mashine yako, kiandike, mpe mwalimu wa mtoto wako ama kijana aliyesoma, kisha uulize fundi kama ndivyo. Na kazini, agizo la Kiingereza ukilipokea, lirudishe kwa maneno yako kabla ya kulifanya, hata kwa kidole: «Pampu hii? Kuzima?» Mkubwa mzuri hachukii kuulizwa. Mbaya akichukia, achukie, vidole vyako ni kumi na unavihitaji vyote.

Hapa kuna sentensi sita za kujaribu na watoto mezani. Mmoja asome, wengine waseme kwa Kiswahili, bila kutazama chini.

«Put out that cigarette.» «Don't turn it on yet.» «The alarm went off at midnight.» «Three holes didn't go off.» «He passed out but he came to.» «Shut the water off and stand by.»

Majibu: Zima ile sigara. Usiiwashe bado. Sireni ililia usiku wa manane. Mashimo matatu hayakulipuka. Alizimia lakini amerudi katika akili. Funga maji, kisha kaa tayari ungojee agizo. Aliyekosa ya nne aanze tena kutoka mwanzo wa ukurasa.